Kijani Chini ya Gome

Mama,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Siku tunakuzika, wakati akina mama wanaimba, nilichomoka nikaingia kwenye ngitili yetu, lile eneo la malisho na miti ulilolifunga mifugo isiingie, nikasimama kwenye ule mgunga mkubwa wa langoni, nikaukwangua gome kwa ukucha. Sikulia. Nilitaka tu kuona kama ndani kuna kijani, kama bado u hai. Kisha nikarudi, nikatupa udongo kaburini kwa mkono uleule wenye vumbi la gome.

Usinikasirikie. Ulinijua nilivyo.

Mvua bado, Mama. Msimu uliopita ilikatika mapema, na huu haijaja kabisa. Shuleni wananitania kwa jina langu, kwa kuwa mbula ni mvua kwa Kisukuma: "Mbula, si ulizaliwa na mvua wewe, umeificha wapi?" Mimi nacheka kidogo tu, kichwa chini. Ngitili hukuifungua mpaka unaugua, ingawa majirani walikusema kwamba unawanyima ng'ombe nyasi kwa ajili ya vichaka. Sasa hata nyasi hakuna. Miti imepukutisha majani yote, imebaki kama kuni zilizosimikwa.

Baba hajarudi Geita tangu msiba. Anatupikia uji, unaungua, anasema ndiyo ladha ya machimboni, tuzoee. Mdogo wangu anacheka. Mimi pia, Mama. Nakuambia ili usihofu.

Lakini juzi alianza kugonga miti. Kule duarani, kwenye shimo la dhahabu, alinieleza, kabla ya kushuka wanagonga matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiwaangukie. Likitoa mlio mkali, ni kavu na zima. Likitoa mlio mzito, limeoza. Basi akazunguka ngitili akigonga kila mti kwa mgongo wa panga, na kila uliolia mkali akautia alama. Hiyo imekufa, anasema. Lori la Fuso linakuja Jumamosi kuichukua. Siyo tamaa, Mama. Alisema, "Mti umeshakufa, bora uende ukazuie udongo usimfukie mtoto wa mtu."

Ila matimba yameshakatwa. Miti yetu bado imesimama, na mlio mkali hauwezi kusema kama mti umekufa au umekauka kwa kiu tu.

Mwalimu wa baiolojia alitufundisha haya kwa Kiingereza, nikaandika yote bila kuelewa. Nilipofika nyumbani nikajaribu kwa Kiswahili, vile ulivyokuwa ukinilazimisha: "Nieleze kama unamweleza ng'ombe." Nikaenda zizini kweli, nikamweleza yule mwekundu. Nikamwambia mti una vijibomba vyembamba vinavyovuta maji toka chini. Udongo ukikauka sana, hewa inaingia bombani na maji yanakatika, kama mrija wa soda chupa inapokaribia kuisha. Mabomba mengi yakikatika, basi. Kwa hiyo mti unawahi kufunga vitundu vya majani, na mwingine unayaangusha kabisa, maji yasipotee. Unaonekana mfu, kumbe umefunga mdomo. Lakini ukifunga mdomo huwezi kujitengenezea chakula. Unakula akiba tu. Akiba ikiisha?

Hapo ng'ombe aliondoka. Na mimi swali limebaki. Mti unajuaje muda wa kufungua? Darasani sikunyoosha mkono, unanijua.

Basi jana nilikwangua miti yote aliyoitia alama Baba. Mkwaju wako ulikuwa kijani, Mama! Una unyevu, unanuka kama mboga mbichi. Na ile migunga myembamba ya nyuma, mingi ni kijani. Lakini mgunga mkubwa wa langoni ni kahawia mpaka ndani, na wadudu wameshautoboa. Nilikwangua matawi, nikakwangua shina, nikazunguka upande wa pili. Hakuna kitu. Nilidhani mkubwa ndio utabaki wa mwisho. Labda maji yana safari ndefu kupanda mpaka kule juu. Labda mizizi ilikuta mwamba. Sijui, na natamani kujua mpaka naona aibu, kwa sababu nikiwaza hayo nasahau kidogo kwamba haupo.

Unakumbuka ule mchana wageni walikaa nje ya ukuta wa chumba ulimolala wakinong'ona, "Huyu amekwisha"? Ulisikia. Ukaniminya mkono, ukasema, "Waambie bado nipo." Sikuwaambia. Mdomo ulijifunga.

Kwa Baba pia umejifunga, tangu jana. Mezani nilitaka kusema, nikaomba chumvi. Yeye akasema, "Chumvi kwenye uji, mwanangu?"

Namsikia anakuja. Gambuti zake zinaburuta ukumbini. Siku zote mtu akikaribia naisukuma karatasi chini ya godoro. Leo naiacha hapa mezani, uso juu. Akisoma, asome. Asiposoma, nitamshika mkono nimpeleke kwenye mkwaju kabla Jumamosi haijafika, akwangue mwenyewe, kucha zake ni ngumu kuliko zangu. Na mgunga mkubwa nitamwachia. Nimekitafuta kijani kila upande, Mama, sikukiona. Uende ukamshikilie mtu udongo.

Pumzika, mayu, mama yangu. Ngitili nitaifunga mvua zikija, kama ulivyokuwa ukifunga wewe. Hodi imeshapigwa.

Namwambia sasa hivi: miti yako mingi bado ipo hai.

Mwanao,
Mbula