Nilivyokufa Redioni Saa Nne Asubuhi

Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi ya Tunduma leo inauma hadi kwenye meno, ukungu umegoma kuondoka, na mimi ninayeandika hapa ni marehemu.

Ngoja nieleze.

Osia ni mtoto wa dada yangu Eda wa Igamba. Ni daktari wa falsafa, anafundisha chuo kikuu, na kila Jumamosi saa nne asubuhi yuko redioni akiwafafanulia watu wa kawaida mambo ya kufikiri. Madereva wa malori wanamsikiliza, wauza mchele wanamsikiliza. Ila aliyemfundisha kufikiri ni mimi. Chuo kilimalizia tu.

Alipokuwa anasoma, likizo zote alikuja kwangu hapa mpakani. Ndipo nikamsimulia siku niliyokula chakula cha mchana mara mbili. Nilikula wali saa saba hapa Tunduma, nikavuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ambako saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Kule ndiyo kwanza saa sita. Nikasubiri saa saba ifike tena, nikala nshima, ugali wao wa kule, na kuku mzima. Nikamuuliza Osia: ile saa saba ya kwanza imekwenda wapi?

Siku tatu hakugusa mpira.

Wiki iliyopita akanipigia simu kwamba Jumamosi atalitumia swali langu, na atanitaja. Basi nikatangaza kuanzia sokoni hadi forodhani. Leo kwenye kibaraza cha Sichone, fundi cherehani, tulikuwa watu ishirini. Tuseme thelathini.

Osia akaanza vizuri. Kisha akasema, "Marehemu mjomba wangu alikuwa na swali."

Cherehani ikanyamaza.

Sichone akanitazama juu ya miwani yake. "Pole na msiba, marehemu. Sasa tukuzike upande gani, huku au ng'ambo?"

Walicheka mpaka swali lenyewe hatukulisikia. Na mimi nilicheka, maana sikuwa na pa kuuweka uso.

Kipindi kilipokwisha nikampigia. Nilitaka aseme ulimi umeteleza, nimsamehe, yaishe.

"Mjomba," akasema taratibu, kama anafundisha darasa, "ukiwa hai watauliza umesoma wapi. Ukiwa marehemu wanasikiliza."

Nikakata simu.

Hapa nikiri jambo, kwa kuwa humu mtandaoni hamnijui sura. Shule niliiacha darasa la sita. Huwa nasema nilifika kidato cha pili kule Zambia. Na yule kuku hakuwa mzima, ilikuwa shingo. Lakini swali lilikuwa langu. Ndicho kitu pekee ambacho sijawahi kukitia chumvi, na ndicho alichokichukua, mimi mwenyewe akaniacha kaburini.

Nikavuka kwenda Nakonde. Huku ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi, kule saa nne kasoro dakika kumi. Kwa saa yao kipindi kilikuwa hakijaanza. Nikakaa kwenye benchi la muuza vitumbua, nikiwa hai kabisa, mpaka saa nne yao ikaja, ikapita, na hakuna aliyenitaja.

Jioni dada Eda akapiga. Akina mama wa Igamba wameisikia redio, wakamfikia mlangoni na kuni vichwani na maharage ya msiba. Akawaambia, "Kaka yangu mzima, nimeongea naye juzi." Hawakukubali. Wakamwambia, "Mama Osia, mwanao ni msomi. Katika nyumba yenu mwongo ni kaka yako."

Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikujua nimfuate kwenye lipi.

Kesho asubuhi naenda Igamba. Wanishike mikono, waone ina joto. Kisha wayapike yale maharage, nami nitayala mara mbili. Hadithi hiyo itakuwa nzuri kuliko ile ya kwanza, naiona kabisa inavyokuja.

Osia sitamsimulia.