Upande wa Kushoto wa Meza

Dada Jenerosa,

Shikamoo. Najua hakuna tena wa kuniitikia, lakini nimeshindwa kuanza kwa namna nyingine. Jana nimerudi kutoka Biharamulo kwenye mashindano yetu ya mpira wa meza, na sina wa kumsimulia. Nyumbani wameuliza kama tumeshinda, nikajibu, wakaendelea kumenya ndizi. Wewe ungetaka kusikia habari za kila mpira.

Tangu tukuzike Bukiriro, nyuma ya nyumba ya baba yako, yaliyobadilika ni mambo madogo. Wifi yako ndiye anayeuza vitenge vyako Kabanga sasa. Mmoja wa wale wabadilisha fedha pale mpakani bado ananiita "mdogo wake Jenerosa", nami naitika. Ofisini niko vilevile. Mkuu wangu akiita jina langu, moyo unanienda mbio hata kama anataka stepla tu. Saa ya chakula naiweka simu mbele yangu. Saa hiyo ndiyo ulikuwa unapiga: "Karani, umekula chakula au umekula karatasi?" Siku hizi nakula haraka, narudi kwenye meza yangu kabla ya wenzangu.

Nilitaka kujitoa kwenye mashindano. Mwalimu Fidelis akanifuata ofisini. Katika Ngara, wanawake tunaocheza tukiwa kwenye viti mwendo tumebaki mimi na Konsolata, yule binti wa Mbuba aliyeanza mazoezi ulipokuwa umeshalazwa. Mchezo wa wawili hauchezwi na mmoja. Nisipoenda, naye haendi. Hakuwahi kushindana popote, na alikuwa ameshasuka nywele kwa ajili ya safari. Nikakubali. Unanijua, kusema hapana kunanitisha kuliko kushindwa.

Ila kwenye jambo moja niligoma. Konsolata anatumia mkono wa kushoto, kwa hiyo mwalimu akataka yeye akae kulia, mimi nihamie kushoto, ili mikono yetu ya raketi ikutane katikati. Alieleza vizuri, na nilimwelewa. Nikakataa. Kushoto ni kwako. Sheria yetu unaijua: gurudumu lisivuke mstari wa kati, lakini mpira unaopita katikati anaruhusiwa kuupiga yeyote. Sisi hatukuwahi kuugombania. Ulisema "Lete!", nami nikarudisha mkono. Halafu unawachokoza wapinzani: "Huyu msimrushie mbali, ni mali ya serikali." Nilicheza nawe muda wote ule bila kujua kwamba katikati ni pagumu.

Mabinti wa Biharamulo hawakuchelewa kutusoma. Konsolata alikuwa kushoto na raketi yake huko nje, mimi kulia na yangu huku nje, na kati yetu kukabaki njia nyeupe. Kila mpira wakaupitisha hapo. Mimi nasubiri. Konsolata naye ananisubiri, kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Mtu mmoja nyuma akasema, "Hao wamenuniana?" Ukumbi ukacheka.

Tulipopoteza seti ya kwanza, Konsolata akakisogeza kiti chake karibu yangu. "Dada Editha, naomba kuuliza. Ule wa katikati ni wa nani?"

"Wa Jenerosa," nikasema.

Ilinitoka tu, dada. Sikuwa nimeifikiria. Konsolata alinitazama, nikadhani atalia, au atamwita mwalimu. Hakufanya hivyo.

"Dada Jenerosa hayupo," akasema taratibu. "Mimi nipo. Niambie nikae wapi."

Nikamwonyesha kulia kwa raketi, kisha nikasukuma magurudumu yangu hadi upande wako.

Sasa nikueleze nilichokiona huko, maana hukuwahi kuniambia. Ukiwa kushoto na raketi mkono wa kulia, huwezi kujiandaa kwa mpira wa katikati bila kugeuka kwa mwenzako. Kila mpira unamwona. Nilimwona Konsolata akiuma mdomo. Niliona mpira gani anautaka na upi anauogopa, hata kabla haujafika kwake. Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaniona. Mimi nilidhani naficha woga wangu vizuri sana. Kutoka kulia nilikuwa naona meza na wavu tu, nikisikia sauti yako, nikidhani una bahati ya kujua lini useme.

Raketi zetu zikagongana mara kadhaa. "Pole dada, nilidhani ni mpira," akasema, na safari hiyo tuliocheka ni sisi. Seti iliyofuata tukaichukua. Mechi hatukuipata. Mpira wa mwisho ulipita katikati, nikaita "Lete!", nikaupeleka wavuni. Konsolata alinigusa bega, akasema alau tumeuita.

Kwenye gari wenzetu waliimba mpaka wakachoka, na Konsolata akalala akiniegemea. Nilikuwa nimezungukwa na watu, dada, na sikumbuki kama nimewahi kuwa peke yangu kiasi kile. Nilikuwa nimejua jambo moja jipya kuhusu wewe, na wewe ndiye niliyetaka kukwambia.

Jumamosi tunarudi kwenye mazoezi. Nakuahidi sitarudi kulia. Konsolata akipigiwa kelele anainua bega kabla ya kupiga, na mwenyewe hajui. Sitamwambia. Nitakuwa namtazama, na bega likipanda nitaita mimi.

Pumzika, dada yangu.

Mdogo wako,
Editha