Kengele Yalia Peke Yake, Mkono wa Mtani Wangu Umo Mtamboni

Mpendwa Bi Mastura, mshauri wa walioshikwa pabaya, shikamoo kama wewe ni mkubwa wangu, na kama ni mdogo basi nirudishie, naomba msaada. Najua umezoea barua za wake waliokimbiwa na waume waliofumaniwa, mimi sijakimbiwa wala sijafumaniwa, mke wangu Mboni yupo hapa nyuma yangu anasema herufi zangu zimelala kama walevi, shule nilisoma mpaka mwalimu akanichoka, kwa hiyo nukta nitatia nikizikumbuka.

Mimi ni Uweso, Mzigua wa upande wa Pangani, nafanya kazi kwenye kiwanda cha mkonge nje kidogo ya Tanga, na kazi yangu ni kukaa chumba cha injini nikishika wenzo. Nikiusukuma mbele, mkanda unashika na korona, ule mtambo wa kukwangua majani ya mkonge, inazunguka upande wa pili wa ukuta, nikiuvuta nyuma korona inasimama. Mimi korona siioni, na aliyeko huko hanioni. Naye ni Zebedayo, Mnyamwezi, mtani wangu, na wewe wajua Mzigua na Mnyamwezi hawamalizi kutwa bila kutukanana. Kati yetu kuna kengele ya umeme na waya wake, basi. Akigonga mara moja, simamisha. Akigonga mbili, washa. Mara tatu si ya kiwanda, ni yetu wenyewe, maana yake "Mzigua, umeshalala?", nami humjibu kwa kugonga ukuta kwa spana, maneno ambayo gazeti lako halitayachapa.

Sasa juzi, baada ya mvua ya usiku kucha, korona ikakabwa na majani, Zebedayo akagonga moja, nikasimamisha, akaingiza mkono kuyachomoa. Mara kengele, ngriii, ngriii, mbili kamili, nikasukuma wenzo kama nilivyofundishwa, nikasikia ukelele ambao si wa chuma. Nikauvuta, nikakimbia kuzunguka ukuta, nikamkuta amesimama, mkono wake anao, Alhamdulillahi, lakini shati halina mkono, korona imeumeza mpaka begani.

"Wewe mzee, utani gani huu?"

"Umegonga mbili mwenyewe!"

"Mkono mmoja umo ndani, mwingine umekumbatia majani, ningegonga kwa pua?"

"Pua yako ilivyo ndefu ingefika."

Bi Mastura, hilo lilinitoka kabla sijafikiri, watu wakacheka na yeye akacheka, huku akijipapasa bega lisilo na shati. Akaja mnyapara wetu, Kristofa, akatutazama, akasema, "Ninyi na utani wenu mtatoana roho. Au mzee masikio yamekwisha?" Akaenda zake.

Tangu siku hiyo Zebedayo ananitazama kama mtu anayehesabu meno ya mbwa, na mimi moyoni nasema labda kweli aliligusa kwa kiwiko lile dude la kubonyeza kengele, nikifikiri tena nasema haiwezekani. Jana tena anaapa aligonga moja nisimamishe, mimi sikusikia hata mbu, mpaka alipokuja mbio kunivuta bega. Nikimwambia Kristofa kengele ni mbovu atasema masikio ndiyo mabovu, na wenzo wangu atapewa mtu mwingine, na nikinyamaza siku moja haitakuwa shati. Sasa kila ikilia mkono wangu unaganda, sijui hii mbili ni ya Zebedayo au ni ya shetani aliyejificha kwenye waya. Mboni asema nifukize ubani. Nifukize, niache kazi, au nifanyeje?

Mimi mwenye hofu,
Uweso

JIBU

Mzee Uweso, shikamoo, mdogo ni mimi. Mahali pa pua nilicheka, kisha nikaona haya, maana nilicheka kama walivyocheka wale wa kiwandani, na kucheka huko ndiko kunakowaponza.

Weka ubani wa Mboni kabatini. Shetani hayumo, na Zebedayo hayumo pia. Mtu ambaye mikono yake yote miwili ina kazi hakugonga, wewe mwenyewe umeandika hivyo, ila huamini ulichoandika. Mmeifanya kengele inayolinda mkono wa mtu kuwa baraza ya matusi, ndiyo maana waya ulipoanza kusema uongo mlishukiana ninyi, na waya haukutazamwa na yeyote. Mara tatu ife leo. Tukananeni mlangoni wakati wa kutoka.

Kuhusu masikio, usimwambie Kristofa kengele ni mbovu. Mwombe asimame kando yako ahesabu, Zebedayo akigonga upande wa pili na injini imezimwa. Kisha mhesabu tena injini ikizunguka, korona tupu na kila mkono mbali nayo, kwa sababu waya unaotulia penye utulivu huchachamaa ukitikiswa. Hesabu zikipishana, masikio mabovu yatakuwa ya wawili, na mmoja ni mnyapara. Hapo ufuateni waya wote, hasa panapovuja paa. Palipochubuka pabadilishwe, ncha zikwanguliwe kutu ya kijani mpaka shaba ing'ae, skrubu zikazwe. Waya uliochubuka ukilowa huliza kengele mtu hajagonga, na skrubu iliyolegea huiacha kimya hata akigonga. Hayo yote mawili umeyaona.

Lakini hata waya mpya nisingeuamini peke yake, na wewe usiuamini. Moja na mbili ni majirani mno. Tangu sasa kengele ikilia unavuta wenzo nyuma, hata ukiwa huelewi imelia ngapi. Kuwasha ni kwa hodi: yeye agonge nne, wewe urudishe nne ukutani kwa spana ile ile ya matusi, naye akisikia nne agonge nne tena, ndipo usukume wenzo. Hodi isiyoitikiwa mtu harukii ndani ya nyumba, hurudi alikotoka. Ukisikia tatu, au tano, au kimya, umesimama.

Na kabla hajaingiza mkono, Zebedayo azunguke ukuta, atie kufuli kwenye wenzo, ufunguo auvae shingoni mwake. Shingoni mwake, Mzee Uweso, si mwako. Kristofa atanung'unika kwamba kazi inachelewa. Akikataza kufuli, ondoa mkono wako kwenye wenzo na uende nyumbani kwa Mboni, ukaitwe kiziwi, ukaitwe mzee, yote utayazoea.

Mpelekee Zebedayo shati, na usilitanie.

Unajua desturi kuliko mimi: penye msiba, mtani ndiye anayesimama mbele ya wafiwa awachekeshe. Zebedayo akifa kwa wenzo ulioushika wewe, watu watageuza nyuso kukutazama, wakisubiri uanze. Utaanza na lipi, la pua?

Katafute kufuli.

Bi Mastura