Nani Aliyefuta Kampala?

Jumapili, Aprili 1969. Mvua imeanza saa saba mchana na bado haijachoka. Tumeingiza pareto yote ndani, nyumba nzima inanuka maua makavu, na mimi nimejifungia chumba cha nyuma kwa sababu sitaki mtu auone uso wangu.

Leo nimemtukana mtu asiye na kosa.

Acha nianzie Ijumaa. Nilikuwa darasani hapa Sironga, ambako nafundisha darasa la nne tangu nimalize Kidato cha Sita, mwalimu mkuu alipoingia na barua mkononi. Nimekubaliwa kusomea udaktari. Aliisoma kwa sauti, watoto wakapiga makofi, mwalimu wa darasa la pili akatokwa na machozi. Mimi nilitabasamu kwa lazima. Barua ilikuwa ya chuo cha Nairobi, na ilisema nimepata chaguo langu la kwanza.

Chaguo langu la kwanza lilikuwa chuo cha Kampala.

Kule shuleni, wakati wa kujaza fomu, hatukuzungumza jambo lingine bwenini kwa wiki nzima. Anayetaka uhandisi aende Nairobi, anayetaka sheria aende Dar es Salaam, lakini udaktari ni Kampala, basi. Karibu kila daktari Mwafrika tuliyewahi kumsikia alisoma huko. Shule ya udaktari ya Nairobi ni changa mno, haijatoa hata daktari mmoja. Nilijiuliza: nikimaliza, nani atanipa kazi wakati mtu wa Kampala amesimama nyuma yangu akisubiri kazi hiyo hiyo?

Nitakiri pia jambo ambalo sikuwaambia wenzangu. Nilitaka jina. Nilitaka mama akiulizwa sokoni Magwagwa binti yake yuko wapi, atamke neno moja tu na watu wanyamaze.

Fomu niliijaza kwa mkono wangu, Kampala la kwanza, Nairobi la pili, nikaileta nyumbani likizo ya Agosti baba aitie sahihi. Kisha ikapelekwa Nairobi na Nyakundi, mtoto wa baba mkubwa, ambaye anafanya kazi wizarani.

Kwa hiyo tangu Ijumaa nimekuwa nikimshuku Nyakundi. Yeye alisoma Kampala. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kupata digrii, na tai ya chuo chake ameivaa kwenye kila harusi na kila mazishi niliyomwona. Nikaanza kukumbuka vitu. Siku alipoichukua bahasha aliniuliza, "Umefikiria vizuri?" Krismasi akaniuliza tena. Mbona mtu aulize mara mbili? Nikajiambia, huyu hataki kuwe na wa pili. Na huyo wa pili awe msichana, tena daktari! Jana Sabato nilikaa kanisani asubuhi nzima na sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri. Nilikuwa nikimhukumu Nyakundi.

Leo asubuhi nikapanda hadi Manga, nyumbani kwa baba mkubwa, kwa sababu Nyakundi amekuja huko kwa siku mbili na mke wake, Esta. Niliwakuta uani wakinywa chai. Hata salamu sikuimaliza.

"Kwa nini ulibadilisha fomu yangu?"

"Fomu ipi?" Nyakundi akauliza.

"Usijifanye. Uliogopa nitakufikia. Wewe bila hiyo Kampala yako ni nani?"

Esta aliweka kikombe chini. Baba mkubwa aliliita jina langu kwa ukali, lakini Nyakundi akamwashiria aniache.

"Moraa, nilipewa bahasha ikiwa imeshafungwa. Niliikabidhi hivyo hivyo." Kisha akaendelea, taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Nilikuuliza kama umefikiria kwa sababu mimi wakati wangu sikufikiria. Nilifuata jina. Sasa mwaka wa sita nimekaa kwenye meza ile ile. Mkubwa wangu alisoma Uingereza. Anayetajwa kushika nafasi yake amesoma Amerika. Mimi nikisema Kampala wanatikisa kichwa kwa heshima, halafu wananipa faili nyingine."

Mke wake alikuwa akitazama chini. Nadhani alikuwa hajawahi kumsikia akiyasema hayo mbele ya baba mkubwa.

Bado sikuamini. Niliona ananizungusha. "Basi ni nani?"

"Muulize aliyeifunga bahasha."

Nilishuka bila kuaga. Njia yote nilikuwa nikitafuta mtu mwingine, yeyote, kwa sababu nilikumbuka vizuri nani aliyeilamba ile bahasha na kuibana kwa kiganja mezani.

Baba.

Nilipofika nyumbani matone ya kwanza yalikuwa yakianguka, na yeye yuko peke yake uani akikusanya pareto. Nilipiga magoti upande wa pili wa mkeka nikaanza kuzoa pia. Mikono yetu ilikuwa ikikimbizana na mvua.

"Ni wewe?" nikamuuliza.

"Ni mimi." Hakuuliza nazungumzia nini.

Alikwangua wino kwa wembe, akaandika upya kwa kuiga mwandiko wangu. Baba huyu, karani wa kanisa, ambaye hajawahi kuniruhusu kusema uongo hata wa mzaha! Alisema hakuyaamini maneno yetu ya bwenini. Kwa hiyo alikwenda hospitali ya wilaya, Kisii mjini, akapanga foleni akidai tumbo linamuuma, ili amfikie daktari aliyesoma Kampala. Akamuuliza kama chuo chake ni kikubwa kweli. Daktari akamwambia, "Mzee, tulikuwa wakubwa kwa sababu tulikuwa peke yetu." Baba hakuridhika. Wiki iliyofuata alirudi na tumbo lile lile akamuuliza daktari aliyesoma ng'ambo. Huyo akakisifu chuo chake mpaka wagonjwa wakaanza kunung'unika. Mwishowe baba akamwendea sista wa wodi, muuguzi mtu mzima ambaye amekuwa pale tangu enzi za wakoloni.

"Yeye akasema nini?"

"Akasema wote wanakuja hawajui kudunga sindano, wa Kampala na wa ng'ambo, na yeye ndiye huwafundisha." Baba akainua kapu. "Nikaona kama wote wanaanzia kwa sista, heri wewe uanzie karibu."

Siku nyingine ningecheka.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Hapo nilikosa," akasema, akitazama maua. Sijawahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mtu yeyote wa nyumba hii.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na swali moja lililokuwa likinichoma, nikalitoa. Mdogo wangu Omwenga yuko Kidato cha Pili. Kama fomu ingekuwa ya Omwenga, angeifuta?

Baba alizoa maua yaliyobaki mkekani mpaka shati lake likalowa mabegani.

"Sijui," akasema, akaingia ndani na kapu.

Tangu hapo nimekaa na hiyo "sijui". Nikiigeuza upande huu ni jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kunipa. Nikiigeuza upande ule ni mlango amenifungia usoni. Na nikimaliza kumshuku yeye najigeukia mwenyewe. Kampala niliitaka mimi, au ilitakwa na bweni zima nami nikafuata? Mimi sikumuuliza daktari hata mmoja. Baba alidanganya ili apate ukweli. Mimi niliamini tu, na ilipoharibika nikatafuta wa kulaumu.

Sijamsamehe. Naandika hivyo ili nisijidanganye baadaye.

Fomu ya kukubali nafasi inatakiwa irudi kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeijaza alasiri hii kwa wino, herufi kubwa. Nimekubali Nairobi. Sikukubali kwa ajili ya baba. Ni kwa ajili ya yule sista nisiyemjua, ambaye hakuna chuo kikuu kilichompa jina na bado madaktari wanasimama kando yake kujifunza. Kama kazi yenyewe inaanzia hapo, nataka kufika hapo mapema. Watakaonitilia shaka kwa kuwa nimetoka chuo kichanga, acha waje na shaka yao. Mimi naijua shaka, nimelelewa nayo.

Nyakundi anarudi Nairobi kesho. Alfajiri nitapanda Manga nimwombe msamaha, mbele ya Esta na mbele ya baba mkubwa, kwa kuwa nilimtukana mbele yao. Naogopa safari hiyo kuliko ninavyoogopa kwenda kupasua maiti.

Baba amepita mlangoni mwangu mara mbili, akikohoa bila kikohozi. Mara ya pili akasimama.

"Umeandika?"

"Nimeandika," nikajibu, na sikumwambia nimeandika nini.

Bado amesimama pale, nayaona matope ya viatu vyake chini ya mlango. Alinificha miezi minane. Yeye naye asubiri hadi asubuhi.