Kambwa ka Kendi

Alhamisi, nyumbani kwa Kendi, Majimbo

Nilimcheka binti yangu Kendi aliponiambia haka kambwa kake ka Yorkshire terrier lazima kale mara nne kwa siku. "Kwani ni kagonjwa?" Mbwa za kwetu Githongo zinakula jioni tu, na zinalala nje.

Kwa hivyo leo, Kendi akiwa kazini, sikukapea kitu. Mchana nikakapata sakafuni kanatetemeka, hata kichwa hakainui. Mama Kendi akakapaka asali kwa ufizi. "Hii ni njaa! Baba Kendi, si ulikapea chakula?"

Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe.

Kakaamka, kakaanza kulamba mkono. Wangu mimi! Nikashindwa na aibu.

Kendi aliporudi nikamwambia yote. Akasema, "Sawa, baba. Leo kanalala kwako."

Sasa kako ndani ya sweta yangu. Naogopa hata kukohoa.