Sentensi Kumi na Mbili za Ukutani

Higashikagawa, 14 Novemba

Dada yangu mpendwa Sawako,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mgongo wake umetulia tangu mlipomaliza kuvuna mpunga. Mimi sijambo. Baridi imeingia, blanketi zito nimeshalitoa.

Najua umesikia kwamba nina ugomvi kiwandani. Afadhali uupate kwangu, kwa mpangilio, kama ulivyo kwenye shajara yangu.

Tarehe 2 Septemba wenye kiwanda wapya, wale wa ng'ambo, walituletea sentensi kumi na mbili za Kiingereza za kutia watu moyo. Meneja wetu, Bwana Kagechika, aliniagiza nizitafsiri, kwa kuwa sekondari nilifanya vizuri Kiingereza. Zingebandikwa ukutani, na kila asubuhi baada ya mazoezi ya viungo mmoja wetu angesoma moja, wengine tukiitikia. Nilizitafsiri neno kwa neno. Bi Tokunaga, anayeshona vidole vya glavu mwaka wa thelathini na moja sasa, alipoisoma "Vuka mipaka yako" aliniuliza mbele ya watu kama ni ile anayoivuka kila akipanda ngazi za chooni, maana kama ndiyo, basi medali yake iko wapi. Tulicheka.

Tarehe 19 hatukucheka. Zamu ilikuwa ya Bwana Orihara, mkata ngozi, ambaye mkewe amelazwa tangu kiangazi, naye akitoka kazini huenda moja kwa moja kumlisha. Alisoma, "Usikubali kuchoka," kisha akainama na kutuomba radhi kwa kuwa amechoka. Alituomba radhi sisi, dada.

Jioni hiyo nilizibandua zote nikaziandika upya. Niliandika yale ambayo mtu wa hapa humwambia mwenzake anapotaka kumtia moyo kweli. "Usijilazimishe kupita kiasi." "Pole kwa kazi." "Likikuzidi, tuite." Watu waliitikia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia saa mbili asubuhi.

Wiki iliyopita walikuja wakubwa wa ng'ambo na mkalimani wao, wakagundua kwamba si sentensi zao. Bwana Kagechika akanitaka niandike barua ya kuomba radhi. Aliniambia kwa upole kwamba niseme tu sikuelewa Kiingereza, nipige mhuri wangu badala ya sahihi, yaishe, nani atanicheka. Hata Bi Tokunaga alininong'oneza nisiwe na kichwa kigumu, karatasi haiumi. Niliandika. Niliandika kwamba nilielewa kila neno, na kwamba yaliyo ukutani ndiyo tafsiri yake. Nikapiga mhuri. Sasa anasema nisipoibadilisha kufikia Jumatatu, nisahau kazi.

Kuna jambo sikukuambia. Nilikueleza kwamba mama aliondoka kwa amani kabla hujafika hospitali. Haikuwa hivyo. Tarehe 9 Februari mwaka ule nilimshika mkono nikamwambia ajikaze, kama nilivyomwambia kila siku. Akaniuliza, ajikaze mpaka wapi tena. Nikarudia neno lilelile. Swali hilo likawa neno lake la mwisho. Miaka sita nimekuficha.

Kwa hiyo sibadilishi. Jumatatu zamu ya kusoma ni yangu. Nitasimama nisome sentensi niliyoiandika mimi, wanaotaka kuitikia waitikie.

Usije kunibembeleza. Msalimie shemeji, na watoto wajifunike vizuri. Ukimfukizia mama uvumba, mwombe radhi kwa niaba yangu. Ni radhi pekee nitakayoomba mwaka huu.

Mdogo wako,
Chizuru