Twiga Wawili Kwenye Gitaa Langu

Mwende mpenzi, hapa Huruma tu wazima wote ila gitaa langu jipya. Urembo wake ulipotea Jumanne saa nane mchana, nikiwa nimelimiliki kwa dakika hamsini tu. Tulikula githeri, nikasinzia. Kuamka, kaka yako amelichonga twiga wawili kifuani.

"Shemeji, ubao mtupu ni aibu nyumbani kwa mchongaji," akaniambia, patasi bado mkononi.

Nilinuna mpaka nilipolipiga. Sauti ni tamu ajabu, hata mama wa ghorofa ya nne alishuka na mwiko wake akicheza.

Sasa kaka yako anataka kuongeza simba, eti twiga wamekaa bila kazi. Mimi hanisikii; wewe anakuogopa. Mumeo nakukumbuka sana, lakini nipigie kabla ya Jumapili saa sita mchana, ndipo anapoanza kuchonga: simba, ndiyo au hapana?